Chaki Kabla ya Poda



Kila mwaka, Pasaka ikisha kupita, nyumba nyingi za Kapolowe, za misioni na za kule stesheni, huwa na taa inayochelewa kuzimwa. Ni taa ya kijana wa mwaka wa mwisho wa tawi la ualimu, ajiandaaye kwa Mtihani wa Serikali, ule ambao wote huuita kwa Kifaransa Examen d'État. Akishinda, atapata diploma ya kumwezesha kufundisha shule ya msingi. Siku ya matokeo jamaa zake watammwagia poda nyeupe kichwani na kumwimbia barabarani. Furaha hiyo ni halali. Lakini leo twataka kusema juu ya unga mweupe wa namna nyingine, yaani wa chaki. Kwani huo ndio utakaobaki mikononi mwake poda ikisha kuoshwa.

Huenda mzazi akauliza: "Mtoto wetu amesoma shule ya Kanisa, walimu wake wamjua tangu miaka mingi, kwa nini apimwe tena na watu wa Kinshasa wasiomjua?" Jibu ni hili. Tangu mkataba wa mwaka 1906 kati ya Kiti Kitakatifu na Dola Huru ya Kongo, misioni zilifungua shule, nayo Serikali ilikuwa na neno juu ya mafundisho yake. Mtihani huu wenyewe ulianza mwaka 1967, ili diploma ya Likasi na ya Kisangani zipimwe kwa kipimo kimoja. Shule zilitaifishwa mwaka 1974. Kisha mkataba wa Februari 1977 ulilirudishia Kanisa uongozi wa shule zake, Serikali ikabaki na programu, diploma na mishahara. Basi mtihani huu si dharau kwa shule yetu. Ni kama mizani ya sokoni: muuza samaki mwaminifu haiogopi.

Mtihani una sehemu mbili. Ya kwanza ina insha ya Kifaransa, mazungumzo ya Kifaransa mbele ya wapimaji, na kwa wanafunzi wa ualimu, jaribio la kazi yenyewe ya kufundisha. Ya pili ni ya siku nne, ambapo mtahiniwa huchagua jibu lililo sawa kati ya majibu yaliyokwisha kuchapwa. Hapo ndipo penye mtego. Vijana wengi hukusanya maswali ya miaka iliyopita, wakayakariri usiku na mchana, wakidhani kwamba ualimu ni kuchagua herufi.

Kurudia maswali ya zamani si kubaya. Lakini darasani hakuna majibu yaliyochapwa. Mtoto atasimama na kukuuliza: "Mwalimu, nne ni kubwa kuliko mbili, mbona robo ni ndogo kuliko nusu?" Mwenye kukariri atasema, "Ndivyo ilivyo, kaa chini." Mwenye kujiandaa atachukua mkate mmoja, ataugawa kwa watoto wawili, kisha mwingine kama huo kwa watoto wanne, na kumwuliza yule mtoto angependa kuketi na kundi gani. Darasa zima litacheka, na hakuna atakayesahau.

Kwa hiyo, kijana, ushauri wangu wa kwanza ni huu: kila juma andika karatasi moja kamili ya maandalizi ya somo, hata kama hakuna aliyekuagiza. Wajua hatua zake: marudio, kuamsha hamu, kutangaza somo, uchambuzi, muhtasari na zoezi. Tuseme somo ni mto Lufira. Usiandike kwamba lengo ni "kuujua mto Lufira". Lengo la namna hiyo halipimiki. Andika: "Mwisho wa somo mtoto ataweza kueleza kwa nini maji ya Lufira yamekuwa ziwa." Ili kuamsha hamu, uliza ni nani aliyekula samaki wa Tshangalele juma hili, mikono mingi itainuka. Katika uchambuzi waonyeshe watoto, kwa udongo na bakuli la maji, jinsi ukuta wa Mwadingusha, uliomalizika mwaka 1930, ulivyozuia mto ili kupata umeme wa viwanda vya shaba. Kisha waambie mto huo unaendelea mpaka kukutana na Lualaba. Somo la namna hiyo ukilifundisha mbele ya wapimaji, hutatetemeka. Wewe mwenyewe umelielewa.

Ushauri wa pili ni juu ya lugha. Utapimwa kwa Kifaransa. Basi soma Kifaransa kila siku, uandike insha na kumpa mwalimu wako aisahihishe. Lakini katika madarasa ya kwanza ya Katanga, programu inataka mtoto aanze kwa Kiswahili, na pengine nyumbani kwao anasema Kisanga au Kibemba. Jizoeze, basi, kueleza kila jambo mara mbili: kwa Kifaransa cha insha yako, na kwa Kiswahili safi ambacho mtoto wa miaka sita ataelewa. Mara nyingi utagundua kwamba jambo usiloweza kumweleza mtoto hulijui bado.

Sasa neno gumu. Wako wanaokusanya fedha ili kununua majibu, na wanaoficha simu nguoni ingawa imekatazwa. Wao husema, "Wote wanafanya hivyo, na hakuna aliyeibiwa." Si kweli. Yuko aliyeibiwa, ila bado hajaingia shuleni. Ni yule mtoto atakayekaa mbele ya mwalimu asiyejua kugawanya, naye atalipa deni hilo maisha yake yote. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya Serikali haina malipo, na madarasa yamejaa watoto. Mwalimu mmoja wa uongo huwapotosha wengi kwa siku moja. Amri ya saba yaingia hata katika chumba cha mtihani.

Nanyi baba na mama, twajua mizigo yenu. Mwauliza kama yafaa kumlipia kijana masomo ya ualimu, wakati wenzake wanakwenda kuchimba shaba na kobalti na kurudi na fedha jioni hiyo hiyo. Hatutawadanganya: wako walimu wenye diploma wanaofundisha huku wakingoja kuandikwa katika orodha ya mishahara, na jambo hilo ni udhalimu unaopaswa kusemwa wazi. Hata hivyo shimo la madini likiisha, mchimbaji hubaki na mikono mitupu. Lakini kijiji chenye mwalimu mwema huendelea kuvuna hata akiisha kufa. Msimwambie mwana wenu, "Leta diploma kwa njia yoyote." Mwambieni, "Tuonyeshe jinsi utakavyofundisha." Mwekeni mbele ya wadogo zake jioni, apewe kipande cha chaki na ubao wowote, nanyi msikilize.

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristu, uliita kazi ya mwalimu wito, ukasema kwamba wito huo wadai maandalizi ya uangalifu mkubwa. Maandalizi hayo hayaishi siku ya mtihani. Serikali itakupima kwa siku chache. Watoto watakupima kila asubuhi.

Mama Maria, Kiti cha Hekima, awaombee watahiniwa wetu wote. Na poda itakapomwagwa, imwagwe juu ya kichwa kilichofanya kazi.