MIZANI YA BUCHA NA DENI LETU



Katika mkutano wa tawi uliopita, tulipokwisha kusikiliza habari za mishahara na hesabu ya mfuko wa chama, ndugu mmoja alisimama nyuma akauliza swali lililowachekesha wengi. Aliuliza hivi: "Mwenyekiti, ni haki mtu kula nyama ya mgomo kwa mkopo katika bucha ya mtaa, kisha mshahara ukitoka aende kununua nyama kwingine?" Watu walicheka, na Mwenyekiti akasema tuendelee na mambo mengine. Mimi sikucheka. Nilijua kwamba nasemwa mimi, wala si mimi peke yangu.

Wale waliokuwa katika mgomo ule wanakumbuka. Tulikaa siku kumi na tisa bila mshahara. Mwenye nyumba hakutaka kusikia habari za mgomo, alitaka kodi yake. Mwenye duka la unga alitaka pesa mkononi. Lakini mzee mwenye bucha wa mtaa wetu alifungua daftari. Kila jioni alitupimia robo kilo, au matumbo, au mifupa ya supu, akaandika jina na kiasi. Hakutuuliza mgomo utakwisha lini.

Mgomo ukaisha, kazi ikarudi, mshahara ukatoka. Siku ile ile nilipanda matatu mpaka supamaketi, nikanunua kilo mbili za nyama iliyofungwa vizuri katika plastiki, nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili nisipite mbele ya bucha. Deni la mzee nililimaliza baada ya miezi miwili, tena kwa vipande vipande. Nilipompa kipande cha mwisho alipiga mstari juu ya jina langu, akaniuliza kama mtoto amepona kikohozi. Aibu ya siku hiyo ndiyo inayonifanya niandike leo.

Maoni yangu ni haya. Nyama ya mfanyakazi yafaa inunuliwe katika bucha ya mtaa. Lakini inunuliwe kwa macho wazi na kwa umoja. Anayetuambia tununue tu bila kuangalia anatudanganya. Na anayetuambia kwamba wenye bucha wote ni wezi anatudanganya vile vile.

Kwanza, bucha inafuata mfuko wetu. Supamaketi imekwisha kukata na kufunga kabla hujafika, na bei imekwisha kubandikwa. Wewe huna la kusema. Katika bucha unataja pesa uliyo nayo, nawe unapimiwa kwa pesa hiyo. Unasema upewe sehemu gani, ikatwe vidogo au vikubwa, mfupa uwe mwingi au mchache. Sisi ndio watu walioyaita majani yale sukuma wiki, kwa sababu yanatusaidia kuisukuma wiki mpaka siku ya mshahara. Mtu wa namna hiyo hawezi kununua nyama kwa kilo mbili mbili. Ananunua robo, na robo hiyo inapatikana karibu na nyumbani, saa mbili ya usiku, anapotoka kazini.

Pili, mwenye bucha anatujua. Nyama yake huletwa asubuhi kutoka machinjio, kama yale ya Dagoretti, ikatundikwa ndoanoni mbele ya macho yetu. Kwa kuwa mara nyingi huko machinjioni anayechinja ni Mwislamu, Mwislamu na Mkristo wa nyumba moja ya kupanga huweza kula sufuria moja bila maneno. Na ikiwa nyama ni mbaya, tunajua mlango wa kuupiga hodi. Katika supamaketi utampiga hodi nani?

Najua wengine watasema supamaketi ni safi. Pengine ni safi, pengine si safi. Mwezi wa Julai mwaka 2019 taarifa ya uchunguzi ilionyeshwa katika televisheni hapa Kenya, ikieleza kwamba katika baadhi ya masupamaketi nyama ilikuwa ikitiwa dawa ya kuhifadhi, jina lake sodiamu metabisalfaiti, ili nyama iliyokwisha kukaa ionekane nyekundu na mpya. Nchi nzima ilishtuka. Basi kioo na baridi havitoshi kuwa ushahidi. Mfanyakazi sharti aangalie mwenyewe popote anaponunua.

Sasa nitasema maneno ambayo mzee wa bucha hatayapenda. Baada ya kumaliza deni langu nilirudi kununua kwake, nikaanza kuangalia mizani kuliko nilivyoangalia zamani. Nikaona kwamba kabla ya kuwekwa kitu chochote, mshale haukusimama kwenye sifuri. Ulisimama kwenye gramu 50. Nilimwambia mkata nyama. Akanijibu, "Kama hutaki, nenda kwingine." Nilichukua nyama yangu nikaenda.

Ndugu zangu, fanyeni hesabu. Anayenunua kilo mbili katika mizani ya namna hiyo anapoteza gramu 50 katika 2,000, yaani sehemu moja katika arobaini. Huenda hata asihisi. Lakini anayenunua robo kilo anapoteza gramu 50 katika 250, na hiyo ni sehemu moja katika tano. Maskini kuliko wote ndiye anayeibiwa kuliko wote. Akinunua robo mara tatu kwa juma, amepoteza gramu 150. Kwa majuma 52 ya mwaka ni kilo saba na gramu 800. Hiyo ni nyama ya Krismasi na ya Idi, na ya kumpokea mgeni kutoka nyumbani, yote imebaki chini ya mshale.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda watu watano. Hatukupiga kelele. Tulisimama mbele ya meza, na mmoja wetu akamwomba mzee mwenyewe aje atazame mshale. Alitazama, akanyamaza. Kisha akasema, "Vijana, mbona hamkuniambia mapema?" Nikasema nilimwambia mfanyakazi wake. Mzee akaleta bisibisi, akaurudisha mshale kwenye sifuri mbele yetu. Tukaweka juu yake paketi ya unga ya kilo mbili tuliyokuja nayo, tukaona mizani inasema kweli.

Halafu mzee akaingia ndani akatoka na daftari. Akalifungua juu ya meza, akasema, "Haya, mizani yangu imekuja kwenye sifuri. Na ninyi mtakuja kwenye sifuri lini?" Yalikuwamo majina kumi na moja ya wanachama wetu, na mgomo ulikuwa umekwisha tangu miezi mitano. Hakuna aliyepata la kujibu.

Kwa maoni yangu siku hiyo tulifundishwa mambo mawili pamoja, nayo hayatengani. Wema wa mtu wakati wa shida haufuti mizani mbovu, na mizani mbovu haifuti deni. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Lakini rafiki naye huambiwa kweli, na rafiki hulipwa. Mwanachama anayesema "Mzee ananipunja, kwa hiyo simlipi" anatafuta njia ya nyuma kama niliyopita mimi. Tena anawafungia mlango wengine. Mgomo mwingine utakapokuja, na utakuja, mzee atalifungua daftari kwa ajili ya nani?

Ziko habari nyingine za kuangalia. Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, inataka nyama ikaguliwe machinjioni na kupigwa muhuri. Muhuri huo ni wino unaoonekana juu ya paja na ubavu. Usione haya kuomba uonyeshwe. Nyama iliyochinjwa nyuma ya nyumba usiku huwa rahisi, na urahisi wake una sababu. Ng'ombe aliyekufa kwa kimeta huweza kumwua aliyemchuna na kumgonjesha aliyemla, na nyama isiyokaguliwa isipoiva vizuri huleta tegu tumboni. Ugonjwa wa homa ya Bonde la Ufa ulipoingia nchini mwaka 2006 na 2007, watu walikufa, na wengi miongoni mwao walikuwa wameshika wanyama wagonjwa au damu yao. Punguzo la shilingi chache si malipo ya hatari hiyo. Na kama taa ya bucha ni nyekundu, omba nyama isogezwe mwangani uione rangi yake.

Tena tusimsahau kijana aliyeniambia niende kwingine. Siku ile nilimkasirikia. Baadaye nilipata kuzungumza naye. Huingia kazini alfajiri kupokea nyama, hufunga usiku, husimama siku kutwa juu ya saruji yenye maji. Hulipwa kwa siku, akiugua halipwi. Kidole chake kimoja kimekatika ncha, na hospitali alijilipia. Aliniambia kwamba nyama ikipungua katika hesabu ya jioni, hukatwa yeye. Ndugu, mtu anayekatwa mshahara kwa ajili ya gramu zilizopotea atapenda mshale usimame wapi? Mkata nyama ni mfanyakazi kama sisi, na hana chama. Tukitaka mizani ya haki upande wetu wa meza, hatuna budi kutaka na mshahara wa haki upande wake.

Wako watakaosema kwamba mambo ya jikoni hayafai katika mambo ya chama. Nawajibu kwamba nyama si jambo dogo katika habari za nchi hii. Mwaka 1938 Serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakamba ng'ombe wao kwa kisingizio cha kupunguza mifugo, nao wakauzwa kwa bei duni, wakati kiwanda cha nyama kimefunguliwa Athi River. Maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikuja Nairobi wakaketi kwa majuma kadhaa wakimtaka Gavana awasikilize. Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini Serikali ilishindwa kuendelea na mpango wake. Na mwezi wa Septemba mwaka 1947 wafanyakazi wa kiwanda cha nyama ya nguruwe kule Uplands waligoma. Polisi waliwapiga risasi, na watatu wakafa. Watu wale walisimama mbele ya bunduki. Sisi tunashindwa kusimama watu watano mbele ya mizani?

Kwa hiyo naomba kila tawi lifikirie mambo haya manne:

1. Kila mtaa wanamokaa wanachama wetu, wachaguliwe wawili wa kutazama mizani za bucha mara moja kwa mwezi. Wamwendee mwenye bucha kwa heshima, wakiwa na paketi ya unga ambayo haijafunguliwa. Waangalie kwanza mshale kabla ya kuweka kitu, kisha waweke paketi. Mizani ikikataa kurekebishwa, iko Idara ya Mizani na Vipimo, na mizani ya biashara sharti ikaguliwe na kupigwa muhuri wake.

2. Kila mwanachama aliyekula kwa daftari wakati wa mgomo aende akalipe, au akapatane na mwenye bucha juu ya siku ya kulipa. Dawa ya deni ni kulipa, si kuzunguka nyumba.

3. Viongozi wetu waulize kaunti kuhusu maji na usafi wa machinjio. Katiba ya mwaka 2010 imeweka machinjio ya kaunti mikononi mwao, na ushuru wanapokea.

4. Wakata nyama waalikwe katika mkutano wetu ujao waseme hali zao, nasi tuwaeleze namna ya kuingia katika chama cha kazi yao.

Mimi nimerudi kupita njia ya mbele. Jumamosi jioni utanikuta pale mezani nikingoja zamu yangu, robo yangu ikipimwa kuanzia sifuri. Katika yale majina kumi na moja, saba yamekwisha kupigwa mstari. Wanne waliobaki wanajijua, nami sitawataja hapa. Nawaambia tu kwamba mzee bado anafungua mpaka saa tatu ya usiku.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama wa tawi