Ni Nani Aliyewaambia Wasichanjwe?



Wapendwa taifa la Mungu, tafakari yetu ya juma hili haitakuwa tamu masikioni mwa baadhi yenu, nasi hatuombi radhi kwa hilo.

Siku chache zilizopita, tukirudi kutoka kuwapelekea wagonjwa Komunyo katika kigango kimoja, bibi mmoja alitusimamisha njiani. Anamlea mjukuu wake yatima, binti aliyezaliwa na virusi vya UKIMWI, ambaye humeza dawa zake kila jioni bila kukosa. Shuleni ilitangazwa chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, naye bibi akamzuia mtoto asiende shule siku hiyo. Tulipomwuliza sababu, alijibu kwa sauti ya chini: "Baba, niliambiwa damu ya huyu imekwisha kuchoka; sindano itaamsha kile kilicholala." Aliyemwambia hayo ni mtu wa sala, mwenye kuheshimika hapa Mkange.

Leo tunamwandikia huyo mtu wa sala, pamoja na wote wanaosema kama yeye.

Ndugu, unajua unachokifanya? Shirika la Afya Duniani linatufundisha kwamba mwanamke anayeishi na VVU yumo katika hatari ya kupata saratani hiyo mara sita zaidi ya mwenzake asiye na virusi. Nchini mwetu hakuna saratani inayowapata wanawake wengi kuliko hiyo. Serikali ilianza kutoa chanjo yake nchi nzima mwaka 2018 kwa mabinti wa miaka 14, na mwaka 2024 ikapanua huduma hadi kwa wenye miaka 9 hadi 14. Kati ya mabinti wote wa darasa lile, aliyeihitaji kuliko wengine ni huyo uliyemfungia nyumbani. Umemnyang'anya ngao aliyekwenda vitani na jeraha tayari.

Tuwe wakweli, kwa maana uvumi hushibishwa na ukweli uliofichwa. Zipo chanjo ambazo mwenye VVU hapaswi kupewa ovyo. Chanjo za surua na homa ya manjano zimetengenezwa kwa virusi vilivyo hai, ingawa vimedhoofishwa. Mtu mzima ambaye kinga yake imeshuka sana, yaani CD4 chini ya 200, hapewi. Hata ile ya kifua kikuu hapewi mtoto mchanga mwenye VVU ambaye bado hajaanza dawa na kuimarika. Ni kweli pia kwamba miaka ya 1990 wataalamu waliona virusi vikipanda kidogo baada ya chanjo, kwa kitambo kifupi, hasa kwa watu ambao hawakuwa na dawa, kisha vikashuka. Lakini chanjo ya mlango wa kizazi haina kirusi ndani yake. Ni ganda tupu la protini ambalo mwili hujifunzia adui. Vivyo hivyo chanjo ya homa ya ini aina ya B haina kirusi kilicho hai. Anayejua kutofautisha mambo haya ni mganga na muuguzi wa kliniki ya CTC. Si mwalimu wa kwaya, si jirani, wala si mhubiri wa redioni. Na sisi mapadre tulisomea falsafa na teolojia, hatukusomea sindano.

Tumekwisha kuyaona haya. Mwaka 2011, tulipokuwa bado seminarini, maelfu kwa maelfu walikimbilia Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wapo walioacha ARV kwa kuamini wamepona. Hatumhukumu mzee yule, aliyefariki mwaka 2021, Mungu amrehemu. Tunawakumbusha tu kwamba walioacha dawa ndio waliolipa gharama, nao walikuwa ni watu wenye imani kubwa kuliko wengi wetu.

Ikaja Uviko-19. Januari 2021 tuliambiwa hadharani, na mkuu wa nchi mwenyewe, kwamba chanjo za kigeni ni za kutilia shaka. Machi ya mwaka huo Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, Padre Charles Kitima, alitangaza kwamba ndani ya miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista 60 walikuwa wamefariki baada ya kushindwa kupumua. Chanjo ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia akachanjwa mbele ya taifa. Utafiti wa Afrika Kusini ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba mwenye VVU anayo hatari ya kufa kwa Uviko karibu mara mbili. Je, ni wangapi kati yetu tulioyasema hayo altareni? Sisi wenyewe tulinyamaza kwa majuma kadhaa, tukiogopa kugawa waamini. Tunaungama.

Wapo watakaosema: "Lakini Baba, maaskofu wa Kenya walipinga chanjo ya pepopunda mwaka 2014!" Ndiyo, walidai imetiwa homoni ya kuzuia mimba, Serikali ya huko, WHO na UNICEF wakakanusha. Tunawaheshimu wachungaji hao, na kudai uwazi kutoka kwa serikali ni haki ya kila mzazi. Lakini shaka juu ya chanjo moja, ya nchi moja, isigeuzwe kuwa sheria ya kanisa dhidi ya chanjo zote. Tarehe 21 Desemba 2020 Roma ilifundisha wazi kwamba chanjo za Uviko zaweza kupokelewa kwa dhamiri safi, na kwamba wajibu huo wahusu pia wema wa wengine. Na msituambie tena kwamba chanjo ni mambo ya Wazungu. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 wa nchi saba za Afrika, na miongoni mwao wamo watoto wa Bagamoyo, hapa hapa kwetu.

Tunabakiza neno moja gumu kuliko yote. Bibi yule hakuogopa sindano peke yake. WHO hushauri kwamba binti mwenye VVU apate dozi mbili, na ikiwezekana tatu, wakati wenzake huchomwa moja. Akiitwa mara ya pili peke yake, darasa litauliza kwa nini. Kisha mama wa jumuiya ataulizwa kisimani, na kabla ya Jumapili kanisa zima litajua. Wapendwa, hofu hiyo haikuletwa na Wazungu wala na serikali. Tumeipika wenyewe, kwa midomo ile ile inayopokea Ekaristi. Tumeshuhudia muumini akihesabu magari ili apate CTC ya mbali asikojulikana, akitumia nauli ambayo ingemlisha siku tatu, kwa kukwepa macho yetu tu. Waislamu jirani zetu wana aibu yao katika jambo hili, nasi tuna yetu. Tuanze na yetu.

Basi, wazazi na walezi: habari za mtoto ziende kwa muuguzi wa CTC, mkaulize huko faraghani ni chanjo zipi anazostahili na dozi ngapi. Viongozi wa jumuiya: atakayeuliza ni nani amekwenda kliniki, mnyamazisheni papo hapo, hata akiwa mzee wa kanisa.

Alhamisi bibi atampeleka mjukuu wake. Ametuomba tumsindikize kwa pikipiki yetu, nasi tumekubali kumfikisha njia panda tu. Padre akionekana mlangoni pa CTC, Mkange yote itakuwa na habari kabla ya masifu ya jioni.