Matumbawe Hayalishwi kwa Ndoo ya Maji ya Pwani

Hoja za wanaosema kwamba kufuga matumbawe sebuleni ni kazi nyepesi mmezisikia. Baadhi yake zina ukweli ndani yake, ndiyo maana zinawanasa watu. Nazichukua moja moja, naziweka kando ya hesabu, na hukumu nawaachia nyinyi.

Hoja inayotuvutia zaidi sisi watu wa pwani ni hii: bahari ina kila kitu ambacho tumbawe linahitaji, kwa hiyo badilisha asilimia 10 ya maji ya tangi kila wiki kwa maji ya bahari, inatosha. Nusu yake ni kweli. Maji ya bahari kuu yana chumvi gramu 35 hivi kwa kila kilo, kalsiamu miligramu 410 hadi 420 kwa lita, na ualkali, yaani akiba ya kaboneti na bikaboneti, wa karibu 7 kwa kipimo cha dKH. Tangi lenye matumbawe laini machache laweza kweli kuishi kwa utaratibu huo. Lakini matumbawe magumu hujenga mifupa kwa kalsiamu na kaboneti, na tangi lililojaa matumbawe magumu ya jamii ya Acropora linaweza kutumia dKH 1 kwa siku. Kwa wiki ni 7. Sasa pigeni hesabu: ukitoa sehemu moja ya kumi ya maji na kuweka mapya yenye dKH 7, unachoongeza hakiwezi kuzidi 0.7, hata tangi lingekuwa limekaukiwa akiba yake yote. Saba zimetoka, haijarudi hata moja. Mwambani maji mapya hupita juu ya tumbawe usiku na mchana. Ndani ya kioo ni yaleyale. Wenye hoja wametazama kilichomo majini wakasahau kuuliza kinaingia kwa kasi gani. Na hapo sijagusa mahali pa kuchota. Masika yakikolea, maji ya karibu na mlango wa mto, kama pale Msimbazi unapoingia baharini Dar es Salaam, yamechanganyika na maji baridi na taka za mji. Hayo siyo maji wanayoyasifia.

Wanasema pia: mfupa ni kalsiamu, basi pima kalsiamu, ikiwa sawa, tangi liko sawa. Ni kweli kalsiamu imo katika mfupa. Lakini uwiano wa ujenzi unajulikana: kila dKH 1 ya ualkali inayotumika huondoka na kalsiamu miligramu 7 hivi kwa lita. Siku mbili bila kuongeza chochote, ualkali unashuka kutoka 7 hadi 5, zaidi ya robo ya akiba. Katika siku hizohizo kalsiamu inashuka kutoka 420 hadi 406, kiasi ambacho kosa la kawaida la vipimo vya matone vya nyumbani linaweza kukimeza chote. Mfugaji anasoma kipimo, anaridhika, huku matumbawe yakikosa kaboneti. Kibaya zaidi, wengine wakiona matumbawe hayakui humwaga kalsiamu zaidi hadi ipite 500, kisha wakagundua upungufu wa ualkali na kuumimina kwa mkupuo. Maji hugeuka meupe kama tui, kwa sababu kalsiamu na kaboneti vimeungana majini kabla tumbawe halijavitumia. Kipimo cha kwanza ni ualkali. Kalsiamu na magnesiamu hufuata.

Kuhusu pH, ushauri wao ni mfupi: ikishuka chini ya 8, weka poda ya kupandisha. Poda hizo kwa kawaida ni kaboneti au bikaboneti, yaani ualkali wenyewe. Angalieni mgongano huo: waliotuambia ualkali hauna haja ya kupimwa ndio wanaotwambia tuumwage bila kupima. Tena pH ya tangi hupanda na kushuka kila siku. Iko chini kabisa alfajiri, kabla taa hazijawashwa, na hupanda kufikia jioni. Katika chumba kilichofungwa madirisha kwa ajili ya kiyoyozi, hewa ya ukaa tunayoitoa kwa pumzi huingia majini na kuishusha. Chota kikombe cha maji ya tangi, kipeleke nje, kipulizie hewa kwa saa moja, kisha pima tena. Ikipanda, dawa ni kufungua dirisha.

Kisha kuna hoja ya naitreti na fosfeti sifuri, eti kwa kuwa mwambani ni karibu sifuri. Mwambani ni kidogo kweli. Ila pale mkondo huleta chakula muda wote, na samaki wanajisaidia juu ya matumbawe. Vimwani waishio ndani ya tumbawe, wanaolilisha kwa usanisinuru, wanahitaji naitrojeni na fosforasi. Virutubisho hivyo vikiisha kabisa tangini, tumbawe hufifia rangi na kudhoofu. Aliyesema maji ya bahari yana kila kitu hawezi tena kusema usafi ni kutokuwa na kitu.

Ya mwisho haihitaji maneno mengi. Maji yakipungua kwa joto, wanasema, ongeza ya bahari. Kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Ukijazia maji ya chumvi, chumvi inazidi kila wiki. Jazia maji baridi yaliyosafishwa, yasiyo na klorini wala shaba.

Basi kabla ya kununua hata kipande kimoja, nunua kipimo cha ualkali. Tumbawe la kwanza likishaingia, pima saa ileile kila siku kwa wiki nzima, ujue linatumia kiasi gani, ndipo uamue kama unaweza kulirudishia.