Nyoka Asiye na Madhara?

Nyoka wa shingo nyekundu wa Kusini-Mashariki mwa Asia, Rhabdophis subminiatus, aliwahi kuuzwa Ulaya na Marekani kama kiumbe mpole asiyedhuru. Meno yake ya sumu yako nyuma ya taya, na aghalabu hung'ata bila kuingiza sumu. Hapo ndipo mfugaji hudanganyika. Akiing'ang'ania ngozi, sumu yake huiondolea damu uwezo wa kuganda: fizi huvuja saa kadhaa baadaye, na figo zaweza kushindwa kazi, ilhali maumivu ni haba. Dawa mahususi hutengenezwa Japani, tena kwa ajili ya nduguye, Rhabdophis tigrinus. Kwa maoni yangu, asiyejua dawa hiyo itamfikiaje hana haki ya kumfuga. Nawe mhudumu, usimruhusu aliyeng'atwa arudi nyumbani kwa kuwa jeraha ni dogo. Pima kuganda kwa damu, kisha rudia.