Moto Upimwe Kabla ya Fundi Kulaumiwa

Wahenga walinena kwamba bandu bandu huisha gogo. Sikujua kuwa methali hii inahusu hata mwanga, mpaka mjomba wangu alipopoteza kibarua.

Mjomba ni fundi wa kuunganisha nyuzi za kioo, zile tunazoziita faiba, ambazo hupitisha simu na intaneti kwa mwanga. Mwaka jana alitolewa Mombasa na mashine yake akapelekwa Limuru. Alipofika aliambiwa aanze mara moja. Viungo vyake vya kwanza vikapoteza mwanga. Msimamizi hakuuliza lolote. "Wewe si fundi," alimwambia, akamlipa ya siku mbili na kumrudisha nyumbani.

Ndugu msomaji, hebu tuitazame kazi yenyewe. Uzi wa kioo una unene wa milimita 0.125. Katikati mna kiini cha milimita 0.009 hivi, na humo ndimo mwanga hupita. Fundi humenya plastiki, husafisha uzi kwa spiriti, hukata ncha ziwe sawasawa, kisha mashine huzikabilisha. Cheche ya umeme hupita kati ya elektrodi mbili na kuyeyusha ncha hizo kwa joto linalozidi digrii 1,600 selsiasi, kwa sekunde chache tu.

Si mnajua chapati? Moto ukipungua haiivi, ukizidi inaungua. Kioo nacho ni vivyo hivyo. Joto likiwa dogo, ncha hazishikani vizuri na kiungo hukatika kikivutwa. Likiwa kali mno, kioo hulegea, kiini hupinda na mwanga huvuja. Kiungo kizuri hupoteza chini ya desibeli 0.1. Kimoja kibaya labda utakivumilia, lakini njia ndefu ina viungo vingi. Bandu bandu!

Sasa, Mombasa iko kando ya bahari, nayo Limuru iko juu, zaidi ya mita 2,000. Katika Jiografia tumesoma kwamba hewa ya huko juu ni nyepesi. Cheche hupita katika hewa hiyo. Hewa ikibadilika, joto la cheche nalo hubadilika. Unyevu na elektrodi zilizochakaa pia huligeuza. Ndiyo maana mashine huwa na jaribio: huchoma ncha mbili za bure, hupima zilivyoyeyuka, kisha cheche hurekebishwa. Ni kazi ya dakika chache. Mjomba hakupewa dakika hizo, naye hakuzidai.

Wapo watakaosema kwamba mashine za siku hizi hujipimia hewa zenyewe. Naam, nyingi hufanya hivyo. Lakini za zamani bado zinatumika, na elektrodi chafu yataka jicho la mtu.

Kwa maoni yangu, msimamizi atoe nafasi ya jaribio kabla ya kutoa lawama. Mafundi nao wasione haya kuidai. Nasi wanafunzi tunaosema eti Fizikia na Jiografia ni za mtihani tu, tukome! Masomo hayo mawili yangemwokoa mjomba.

Leo anauza mahindi ya kuchoma stendi. Nikitoka shuleni jioni humkuta akiweka kiganja juu ya jiko, anapima moto kwanza, ndipo aweke hindi.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu