Kompyuta Inayoadhini Kabla ya Jua Kutua

Wasomaji wetu wa Newala wametuletea suala ambalo, kwa mwenye kulitazama juu juu, laonekana kuwa ni la fundi wa mashine wala si la mwalimu wa chuoni. Lakini tulipolizingatia tuliona kwamba ndani yake mna saumu ya mtu na sala ya mtu. Kwa sababu hiyo tumelipa nafasi yote ya ukurasa wetu mwezi huu.

Nyumba moja huko, baada ya kulipwa fedha za korosho, ilinunua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika Marekani. Vijana wa nyumba wakaitia programu ya kuadhini, na kila sala ikifika mashine huadhini kwa sauti nzuri mno, hata jirani akafurahi. Ukafika mwezi wa Disemba. Binti wa nyumba ile alikuwa akilipa siku zake za Ramadhani, na jioni moja mashine ikaadhini Magharibi, naye akafungua kwa tende na maji. Bibi yake aliyekuwa uani akaingia ndani na kumwuliza, "Mjukuu wangu, Magharibi hiyo ni ya wapi? Mbona jua li juu ya mikorosho?" Baba akatazama saa ya mkononi na saa ya mashine, akaziona zimelingana. Akakumbuka tena kwamba mchana ule ule mashine iliadhini Adhuhuri sawasawa na msikiti. Akamwambia mama yake kuwa labda ni macho. Walipotoka nje, macho ya bibi yalikuwa mazima. Jua lilikuwa na karibu saa nzima ya kwenda.

Wanatuuliza mambo mawili: siku ile hukumu yake ni nini, na ubovu wa mashine u wapi.

La kwanza halina maneno mengi. Mwenye kufungua akidhani jua limetua, kisha ikambainikia kwamba lilikuwa bado, katika madhehebu yetu ya Shafii siku ile haikumtimilia, naye atailipa siku nyingine. Dhambi hana, kwani hakukusudia. Wala binti yule hakulazimika kujizuia na chakula jioni ile iliyobaki, kwa kuwa kujizuia huko ni kwa heshima ya mchana wa Ramadhani yenyewe, na siku ile haikuwa ya Ramadhani.

La pili ndilo lenye urefu, na twaomba wazazi wawaite vijana wao wasikilize pamoja.

Mashine ile haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa imeambiwa kwamba iko Makka. Programu nyingi za adhana hutoka kwa watengenezaji wake zikiwa zimewekwa mji wa Makka, na mwenye kuitia asipobadilisha mji, yenyewe huendelea kumhesabia mtu wa Newala nyakati za watu wa Makka. Sasa tazama jinsi kosa hili linavyojificha. Newala iko karibu na longitudo ya digrii 39.3 mashariki, na Makka iko karibu na 39.8. Yaani miji hii miwili iko takriban juu ya mstari mmoja wa kutoka kusini kwenda kaskazini, na hii ndiyo sababu kibla chetu sisi watu wa Masasi na Newala ni kaskazini, kwa kupotoka kidogo sana kuelekea mashariki. Tena saa ya Tanzania na saa ya Saudi Arabia ni moja. Basi jua linapopinduka Makka, kwetu nako hupinduka baada ya dakika 2 tu au 3. Mtu akiipima mashine yake kwa Adhuhuri ataiona ni ya kweli, na roho yake itatulia.

Lakini mchana wa kwetu na mchana wa Makka hauna urefu mmoja. Sisi tuko kusini ya ikweta, karibu na digrii 11, nao wako kaskazini, zaidi ya digrii 21. Disemba mchana wetu hurefuka na wao hufupika. Katikati ya mwezi huo jua hutua Newala saa 12 na dakika 41 hivi za jioni, na Makka hutua saa 11 na dakika 41. Hiyo ndiyo saa nzima aliyoiona bibi. Juni mambo hugeuka: kwetu jua hutua saa 12 na dakika 7 hivi, na kwao saa 1 na dakika 5, na mwenye mashine ya namna hiyo atabaki na njaa yake ilhali majirani wamekwisha kula na kuswali. Machi na Septemba, usiku na mchana unapolingana, tofauti karibu yote hutoweka, na kosa hulala usingizi mpaka mwisho wa mwaka. Vijana waliitia programu ile mwezi wa Septemba, wangejuaje?

Dawa yake ni kufungua mipangilio ya programu, kutafuta mahali palipoandikwa mji, na kuweka Newala au Masasi. Ikiwa mji haumo katika orodha, msichague Dar es Salaam kwa kuwa ni jina mnalolijua. Dar es Salaam iko kaskazini yetu, na Disemba jua lake hutua dakika 7 au 8 kabla ya la Newala. Dakika 7 si kitu kwa mwenye kungoja basi, lakini kwa mwenye saumu ni mchana. Alfajiri ya Juni nayo, kwa hesabu hiyo hiyo, Dar es Salaam hutangulia karibu dakika 7, na mwenye kuswali kwa ratiba yake huko Newala aweza kuhirimia wakati haujaingia.

Pasipo jina la mji, programu hukubali namba. Newala andikeni latitudo 10.95 na longitudo 39.28, Masasi latitudo 10.72 na longitudo 38.80. Hapa pana mtego mwingine, nao umewanasa wengi waliojiona wamekwisha kutengeneza. Latitudo yetu ni ya kusini. Programu nyingine hukutaka uchague neno kusini, na nyingine hukutaka utangulize alama ya kutoa mbele ya namba, yaani -10.95. Ukiisahau alama ile ndogo, mashine itakuhamisha Newala ikupeleke Ethiopia, si mbali na mji wa Dessie, katika nchi ya Habeshi waliyohamia Masahaba. Ni nchi yenye heshima katika tarikhi yetu, lakini jua lake si letu. Saa ya huko ni sawa na yetu, Adhuhuri itakuwa sawa, hata kibla kitaonekana sawa. Magharibi ya Disemba, hata hivyo, itakuja kabla ya wakati kwa dakika 38 hivi.

Ndiyo maana twasema mashine isipimwe kwa Adhuhuri peke yake. Ipimwe kwa Magharibi, tena Disemba au Juni, na mpimaji atoke nje. Watu wa Newala wamejaliwa ukingo wa uwanda, wakisimama hapo wayaona mabonde yote ya chini mpaka upande wa Ruvuma, wala hapana kinachowazibia. Masasi yahitaji hadhari, kwani yale majabali makubwa hulificha jua kabla halijatua, na mtu aliye chini ya jabali aweza kufungua kwa kivuli cha jiwe.

Wako pia wanaolalamika kwamba Adhuhuri "inatembea", wakasema mashine imeharibika. Haikuharibika. Mnamo Februari jua hupinduka kwetu saa 6 na dakika 37 za mchana, na mwanzoni mwa Novemba saa 6 na dakika 6 hivi. Ndivyo Mola alivyolipangia mwendo wake, na wazee waliopima kwa kijiti cha kivuli hawakuona ajabu.

Sasa tuingie katika saa yenyewe, kwani programu iliyo sahihi juu ya saa isiyo sahihi haifai kitu. Kompyuta zilizotoka Marekani aghalabu hubaki na majira ya pwani yao ya magharibi, ambayo yako nyuma yetu kwa saa 11, na kwa saa 10 wakati wanaposogeza saa zao mbele. Kijana huona saa si yake, akaisogeza kwa mkono mpaka ikalingana na ya ukutani, akadhani amemaliza. Hakumaliza, amefunika tu. Siku mashine itakapopata intaneti, saa itarudi kule kule. Na hata isipopata, Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba itaruka saa moja yenyewe, kwa sheria ya Wamarekani. Programu ya adhana nayo, ikiyafuata majira hayo ya Marekani, yaweza kuadhini Adhuhuri usiku wa manane.

Atakaye kutengeneza na aanze na majira, kisha ndipo aende kwenye saa. Katika Windows bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya saa iliyo pembeni chini, ufungue marekebisho ya tarehe na saa, na katika orodha ya majira uchague Nairobi. Usitafute Dar es Salaam katika orodha ile, haimo. Nairobi ndiyo majira yetu ya Afrika Mashariki. Na watoto waambiwe kwamba mashine haijui saa za Kiswahili. Saa moja ya asubuhi kwake ni 7:00. Tumeona mashine iliyokuwa nyuma kwa saa 6 kamili, na ubovu wake haukuwa ila mtoto mwema aliyesoma saa kama alivyofundishwa na mama yake. Tarehe nazo, Wamarekani hutanguliza mwezi, hata 3/4 kwao ni tarehe 4 Machi. Wekeni nchi kuwa Tanzania ili siku itangulie.

Ikiwa saa hurekebishwa na kila umeme ukikatika hurudi miaka ya nyuma, hapo kosa si la mipangilio. Ndani ya sanduku, juu ya bodi kuu, mna betri ndogo mfano wa sarafu, imeandikwa CR2032, ya volti 3, nayo ndiyo inayoilinda saa wakati umeme haupo. Imekufa. Dalili yake nyingine ni kwamba kurasa nyingi za intaneti hukataa kufunguka, zikidai kwamba cheti cha usalama hakifai. Watu humlaumu mwenye kuuza vifurushi, na kumbe mashine yadhani iko mwaka ambao cheti kile kilikuwa hakijaandikwa. Zimeni mashine, chomoeni waya wa umeme, toeni betri taratibu, na mpya iwekwe upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Kisha wekeni tarehe upya. Betri ya zamani isiachwe mezani wala sakafuni hata dakika moja. Mtoto mchanga akiimeza huweza kumwunguza koo ndani ya saa 2, na imewaua watoto. Akishukiwa kuimeza, apelekwe hospitali saa ile ile, asingojwe mpaka alie.

Yamebaki mambo ya hesabu. Programu itakuuliza njia ya kuhesabu Alfajiri na Isha. Ya Rabita ya Makka yahesabu Alfajiri jua likiwa digrii 18 chini ya upeo, na njia ya Waislamu wa Amerika Kaskazini digrii 15, ambayo kwa Newala huichelewesha Alfajiri kwa dakika 12 au 13. Mla daku wa njia hii ya pili atakuwa akinywa chai ilhali jirani yake amekwisha kunuia. Ile iitwayo Ummul-Qura huweka Isha dakika 90 baada ya Magharibi, na 120 katika Ramadhani; kwetu hiyo ya 90 yachelewesha Isha karibu dakika 20. Shaurianeni na imamu wa msikiti wenu, mchukue njia ile ile anayoitumia, ili nyumba isiadhini yake na msikiti yake. Katika Alasiri chagueni Shafii. Ukichagua Hanafi, Alasiri itangoja kivuli kiwe mara mbili.

Tarehe ya Kiislamu iliyo katika kompyuta ni hesabu iliyopangwa zamani, haikuuona mwezi. Yaweza kutangulia au kuchelewa kwa siku moja, na programu nyingi hukuachia nafasi ya kuongeza siku au kupunguza. Rekebisheni baada ya kutangazwa mwandamo, wala msianze saumu wala Idi kwa kuwa skrini imesema.

Mzazi mmoja wa Masasi atuuliza kwa nini mwanawe akiandika barua herufi hugeuka ghafula zikawa za Kiarabu. Amegusa Alt na Shift pamoja bila kujua. Azibonyeze tena zitarudi.

Wale wa Newala wametuletea habari kwamba wamekwisha kuweka mji wao, na alama ya kutoa ipo. Tumewataka wakaipime ukingoni, jioni tatu, wakiwa na bibi, kabla ya mwaka 2030, ambao kwa hesabu Ramadhani itauingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na mwishoni mwa Disemba.