Mito Isiyotujia

Litaje jina la Sumbawanga katika baraza yoyote ya Unguja, jioni kahawa ikizunguka, uone. Wa kwanza atacheka. Wa pili atakuuliza una adui gani wa kutumiwa radi. Wa tatu atakutolea nambari ya simu ya mganga, aliyoinakili kwenye karatasi iliyobandikwa nguzo ya umeme. Katika watatu hao hakuna aliyefika huko. Nami nilikuwa wa nne wao, tena mwenye kosa kubwa zaidi, kwani jina hilo nililitia katika shairi. Lilikuwa na mizani nne barabara, likanijazia nusu ya kipande, nikalitumia kama kitisho. Sikujua hata mji wenyewe uko upande gani wa ziwa.

Makala haya ni malipo ya deni hilo. Ni mashitaka pia, na washitakiwa ni sisi tunaojiita washairi wa pwani. Hoja yangu ni moja: nchi hujulikana kwa nyayo, na mshairi anayetaja nchi ambayo hajaitembea, wala hajawauliza wenyewe, anasema uongo hata vina vyake vikiwa vimetimia.

Tuanze na jina. Wafipa wenyewe hulieleza hivi: sumba ni kutupa, wanga ni uchawi. Yaani, ewe mgeni, utupe uchawi wako kabla hujaingia. Neno wanga si geni kwetu. Kila mtoto wa Kiswahili anajua mwanga ni nani na kuwanga ni nini. Tulikuwa na kila nyenzo ya kulielewa jina hili. Badala yake tumeligeuza katazo likawa mwaliko, na mji uliojitangaza kuwa hautaki uchawi tukaufanya soko lake.

Ama hiyo radi, mtu akitembea saa mbili tu juu ya uwanda wa Ufipa ataijua sababu yake. Nchi ile iko juu sana, kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa yake ni majani matupu, mawimbi kwa mawimbi ya vilima visivyo na miti. Mvua huanza mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Aprili, na huja na ngurumo. Katika uwanda kama huo, ng'ombe aliyesimama, mti ulio peke yake au mtu anayerudi shamba ndiye aliye mrefu kuliko vyote, na radi hutafuta kilicho kirefu. Jambo hili liko katika vitabu vya skuli. Lakini aliyekaa barazani hahitaji kitabu; anahitaji kichekesho. Na vichekesho vya uchawi vina gharama, ndugu msomaji. Katika nchi yetu wazee, khasa wanawake, wameuawa kwa shuka la tuhuma lililofumwa nyuzi kwa nyuzi kwa maneno ya mzaha kama hayo.

Nilikwenda hatimaye, na nilitembea. Sikupanda Kilimanjaro, miguu yangu ina umri wake. Ufipa haidai ushujaa. Hewa yake ni baridi, njia zake za miguu ni pana, na vilima vyake havimkati mtu pumzi. Asubuhi unatoka mjini kuelekea misitu ya Mbizi, iliyobakia vipande vipande juu ya milima, na humo wamo mbega wekundu. Hapo nilisimama nikacheka peke yangu. Ndugu wa mnyama huyo tunaye Jozani, naye tulimwita kima punju, na punju ni sumu. Wazee wetu waliamini kuwa mti anaoula hufa. Leo Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 2004, na wageni huja kutoka pembe zote za dunia kumtazama kiumbe tuliyemwita sumu. Basi tuna mazoea. Tusichokijua tunakipa jina la kutisha, kisha tunaliogopa jina.

Kutoka milimani unashuka mabondeni. Mashambani utaona matuta ya duara: majani hufukiwa chini ya udongo, yakaoza, yakawa mbolea ya mazao ya msimu unaofuata. Hiyo ni elimu ya kilimo iliyokuwapo kabla ya bwana shamba yeyote. Na ukimpata mwenyeji mwema, atakupeleka kwenye mabaki ya matanuru ya chuma, ambayo kwa Kifipa huitwa malungu: minara ya udongo ya kiasi cha mita 3, iliyojengwa kwa namna ya kuvuta upepo yenyewe kupitia matundu ya chini, bila ya mivukuto. Chuma kilipotoka hapo kilisafishwa katika tanuru dogo, na huko ndiko mivukuto ilikotumika. Nilisimama mbele ya tanuru moja lililoota majani, nikakumbuka beti zangu. Nilikuwa nimewaita wachawi watu waliokuwa wahunzi na wakulima.

Mzee aliyenichukua aliniuliza kwa upole, “Na mito ya kwenu, bwana, inakwenda wapi?” Nikamjibu kuwa mito yote huishia baharini. Akatikisa kichwa. “Ya kwetu haiji kwenu.”

Nimelifikiri jibu hilo tangu siku ile. Mto Kalambo, unaoigawa Tanzania na Zambia, huanguka kwa mruko mmoja wa zaidi ya mita 220, kisha huingia Ziwa Tanganyika. Na maji ya Tanganyika hutoka kwa mto Lukuga, yakaingia Kongo, yakamwagika Bahari ya Atlantiki. Mto Momba hushuka upande wa pili, kwenye bonde la Rukwa, chini ya ukuta wa milima unaoitwa Lyamba lya Mfipa. Mlangoni mwake hakuna mikoko wala maji kupwa na kujaa. Pana matete, ndege, na viboko ambao mtembezi hana budi kuwakaa mbali. Ziwa Rukwa halina njia ya kutokea. Hakuna tone la mito hiyo linalotufikia. Sisi tulioamini kuwa bara zima linamwagikia miguuni petu, tuna nchi nzima iliyotupa mgongo bila ya kupungukiwa na kitu.

Wala nchi hiyo si changa. Kando ya mto huohuo wa Kalambo, upande wa Zambia, wataalamu walitangaza mwaka 2023 kuwa wamepata magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa, yenye umri usiopungua miaka 476,000. Kabla hajawapo binadamu wa namna yetu, kuna aliyekaa pale akajenga.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza, kwamba kutembea bila ya shughuli ni mambo ya Wazungu, na kwamba mtembezi hula miguu yake. Lakini lugha hiyohiyo imetwambia kutembea kwingi ni kuona mengi, na kwetu kutembea na kuzuru ni neno moja. Isitoshe, babu zetu walikwenda. Hamed bin Muhammed el-Murjebi alifika Urungu, jirani ya Ufipa, akitafuta pembe. James Chuma, aliyefariki Unguja mwaka 1882, aliongoza wapagazi wa Joseph Thomson katika safari ya 1879 hadi 1880 iliyofika Rukwa. Njia tulikuwa nazo. Tulizitumia kuchukua.

Ya pili ina uzito zaidi: Thomson naye alitembea, na alipoliona Ziwa Rukwa akaliita Leopold, kwa jina la mfalme wa Ubelgiji. Kweli. Miguu peke yake haitoshi. Anayetembea bila ya kuuliza jina la mto kwa wanaoyanywa maji yake ni mpita njia mwenye kalamu, na mshairi wa pwani hana kinga ya kosa hilo kwa sababu tu ni Mswahili. Nenda na mwenyeji, mlipe haki yake, mwamkie kwa maamkizi yake, na nyamaza zaidi kuliko unavyosema.

Ya tatu ni nauli. Hiyo nayo ni kweli, na sitamcheka asiye nayo. Lakini asiye na nauli ya Ufipa ana Jozani, ana Ngezi, ana mashamba ya karafuu nyuma ya nyumba. Ayatembee hayo, na Sumbawanga ailetee heshima ya kunyamaza.

Ubeti wangu ule nimeufuta. Wenye beti kama huo, na ninawajua kwa majina, wazifute nao, au wapande basi wakaone.